Mkate wa Pasaka uliobaki mbichi: kisa cha casatiello moja ya Napoli

Jumamosi tarehe 30 Machi 2024, magharibi ilipoingia, nilikata mkate mbele ya watu wawili waliokuwa wakiungoja tangu mchana, na kisu kikatoka kimepakwa unga mbichi. Kwa nje ulikuwa mkate wa kupigwa picha: kahawia iliyokolea, duara lenye tundu katikati, mayai manne na maganda yake yamelala juu chini ya misalaba ya unga. Ndani kulikuwa na kitu kati ya mkate na uji.

Hukumu ilitoka palepale mezani. Signora, bibi wa miaka themanini na ushei ninayemtunza hapa Napoli, aliweka uma chini akasema kwa Kinapoli kwamba bila ’nzogna haiwezekani. ’Nzogna ndiyo sugna, mafuta ya nguruwe. Jirani yangu wa Mombasa, ambaye kwa ajili yake mafuta yale hayakuwekwa, akainamisha macho kama mgeni aliyevunja kikombe cha watu. Nami nikakubali, maana sikuwa na jibu. Ilinichukua siku mbili kujua kwamba tulimfunga asiye na kosa.

Kwa asiyeijua, casatiello ni mkate wa chumvi wa Pasaka, wa Napoli na vitongoji vyake. Unga wa ngano uliokandwa na mafuta mengi na pilipili manga bila huruma husukumwa ukawa mstatili. Juu yake hutandazwa vipande vya salami, jibini la provolone, pecorino (jibini gumu la kondoo) ya kukuna na cicoli, yaani yale mabaki makavu yanayosalia sufuriani mafuta ya nguruwe yakishayeyushwa. Kisha unaviringishwa kama mkeka, ncha mbili zinakutanishwa, unalazwa kwenye chombo cha duara chenye tundu ambacho wenyewe wanakiita ruoto. Mayai mabichi huoshwa, yakabandikwa juu na maganda yake, na kila moja likafungwa kwa vipande viwili vya unga vilivyopishana. Watu wa kanisa wanasema duara ni taji la miiba, na vile vipande ni msalaba. Mayai yakichemshwa, yakamenywa na kukatwa, yakaingia ndani pamoja na vingine, mkate unabadilika jina na kuwa tortano. Ndivyo nilivyofundishwa, ingawa nimeshuhudia ndugu wawili wakibishana juu ya jambo hilo kwenye duka la jibini la sokoni Pignasecca hadi foleni nzima ikaingilia.

Desturi ni kuukanda Ijumaa Kuu, siku ambayo nyama hailiwi, kuulaza usiku, kuuoka Jumamosi, na kuula Jumapili. Kinachobaki hubebwa Jumatatu, siku wanayoiita Pasquetta, watu wanapotoka mjini kwenda kula nje penye majani. Angalia ratiba hiyo. Mkate huu umetengewa usiku mzima wa kuumuka na siku nzima ya kupoa. Mimi niliupa saa nne na dakika chache.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu unga unaofungia nyama na mayai. Tuna sambusa, na Mombasa wana mkate mayai wao. Lakini hivyo vyetu ni vyembamba, vinakaangwa, vinaiva kwa dakika. Casatiello ina unene wa ngumi mbili, na joto lazima lisafiri kutoka pembeni hadi kwenye moyo wake kupitia kila kitu ulichokiweka njiani.

Sasa yaliyotokea. Mwaka ule Ramadhani ilianza Machi 11, na Pasaka ikaangukia Machi 31, mfungo ukiwa bado unaendelea. Jirani yangu anakaa ghorofa ya chini. Tulikutana kwenye ngazi, mimi nimebeba unga. “Shoga,” akaniambia, “mkate wa bibi yako nausikia harufu kila mwaka. Mimi nitauonja lini?” Nikamwahidi mwaka huu ataufuturia. Signora hakupinga. Alisema tu tutaona, neno ambalo kwake lina maana nyingi.

Nikabadilisha vitu vitatu. Badala ya sugna gramu 150 nikaweka siagi gramu 150. Badala ya salami na cicoli nikaweka soseji mbichi za ng'ombe kutoka bucha la halali karibu na Piazza Garibaldi, nikazichemsha na kuzikata. Na kwa kuwa jirani hapendi provolone kali, nikanunua fior di latte, lile jibini laini la maziwa ya ng'ombe linaloogelea kwenye maji yake, gramu 250. Pecorino ilibaki. (Inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo. Jirani alisema suala hilo la halali alishalimaliza na nafsi yake siku nyingi, nisimfungulie mlango upya.)

Nilianza saa nane mchana kwa sababu ya foleni za sokoni. Unga gramu 600, maji gramu 330, hamira mbichi kipande kizima cha gramu 25, kwa hesabu yangu ya kitoto kwamba hamira nyingi hununua muda. Saa moja na nusu ya kuumuka. Nikasukuma, nikajaza, nikaviringisha, nikapanga mayai yakiwa baridi kutoka kwenye friji. Signora alikuwa amekaa pembeni akimenya njegere mbichi, akanitazama muda mrefu, halafu akasema, “Binti yangu, huu mkate haukimbizwi.” Nikaupa dakika 45 tu kwenye chombo, ukaingia kwenye oveni ya nyuzi 220. Dakika 50 baadaye ulikuwa umeiva kwa macho. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Magharibi ilikuwa inaingia saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Simu ya jirani ilipoadhini, akala tende, akanywa maji, nami nikakata.

Usiku ule sikulala vizuri. Aibu ilikuwapo, lakini kilichonikosesha usingizi hasa ni kitu kimoja ambacho hakikukubaliana na hukumu ya signora.

Kabla ya kuviringisha unga nilikuwa nimekata ukingo usionyooka. Ule ukingo niliufinyanga ukawa kimkate cha saizi ya ngumi, nikakiweka kwenye kifuniko cha bati kando ya casatiello, nikakitoa mapema. Unga uleule, siagi ileile, hamira ileile. Jumapili asubuhi signora alikichukua, akakichovya kwenye maziwa yake, akala chote bila kusema neno. Kilikuwa laini, kimeiva, kinachambuka kwa vidole kama pamba. Ikiwa siagi ndiyo iliyoharibu mkate mkubwa, mbona iliuacha mdogo salama?

Msomaji mkali atasema kimkate kile kilikuwa kidogo, lazima kiive. Kweli. Kimkate hakithibitishi lolote kuhusu joto wala unene. Lakini kuhusu mafuta kinasema wazi: unga wa siagi unaumuka, unashika, unaiva. Kosa lilikuwa kwenye kitu ambacho mkate mkubwa ulikuwa nacho na mdogo hauna.

Nikarudi kwenye masalia. Kwanza nilikata kipande kipya, baridi kabisa, kimelala usiku mzima. Kilikuwa bado kibichi. Hapo nikaondoa shaka moja, maana mkate ukikatwa moto huwa unanata hata kama umeiva, kwa mvuke ambao haujatulia. Kukata moto kulizidisha fedheha ya Jumamosi ila hakukuileta.

Kisha nikatazama ubichi uko wapi. Haukuenea sawasawa. Ukingo wa nje, upana wa vidole viwili, ulikuwa mkate mzuri wenye vitundu. Kutoka hapo ubichi ulianza kufuata mviringo wa ujazo, kama mstari wa wino uliochorwa konokono, mwembamba juu, mnene chini. Kila palipokuwa na jibini palikuwa na pango tupu, na sakafu ya pango ilikuwa gundi nyeupe. Nikachota kwa ncha ya kisu, nikasugua kati ya vidole, ikawa kidonge. Chini ya soseji hali ilikuwa hiyohiyo, ila gundi ilikuwa na rangi ya nyama. Na pale ambapo mkono wangu uliruka wakati wa kupanga, hakuna jibini wala soseji, mkate ulikuwa umeiva hadi katikati.

Nilifunga kipande kwenye karatasi nikampelekea mwokaji wa mtaani kabla hajafunga. Mtu huyu anajua casatiello kuliko wengi, maana kila Pasaka kina mama wa jirani humletea za kwao azioke kwenye tanuri lake, kila moja na karatasi ya jina. Hakukionja. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akangoja aone kama kitanyanyuka, hakikunyanyuka. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu mafuta. Hakuniuliza mafuta.

“Jibini gani?”

“Fior di latte.”

“Ya lini?”

“Ya siku hiyohiyo.”

Akasema yeye hata kwa pitsa, ambayo ni nyembamba na inapata moto wa kuni, haweki fior di latte ambayo haijachuja maji tangu jana yake. Akauliza nyama. Nikamwambia soseji mbichi za kuchemsha. Akainua mikono juu kama mtu aliyetekwa na majambazi. “Umemwaga maji ndani,” akasema, “halafu ukafunga mlango.”

Nikaenda nyumbani kupiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyomaliza kesi. Siagi ya dukani hapa ni mafuta asilimia 82, na maji yake hayafiki asilimia 20, kwa hiyo siagi yangu gramu 150 ilileta maji kama gramu 25, vijiko viwili hivi vya chakula. Fior di latte zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji: gramu 250 zikaleta zaidi ya gramu 125. Soseji za kuchemsha nazo zaidi ya nusu ni maji, na zilikuwa gramu 250. Si maji yote yanayotoka, lakini hata yakitoka nusu tu, ujazo wangu uliumwagia unga mara kadhaa ya kile ambacho siagi ingeweza kuleta. Na maji ya siagi yalikandwa yakaenea kila mahali, wakati maji ya jibini yalimwagika sehemu moja, juu ya tabaka moja la unga, jibini lilipoyeyuka.

Hapa ndipo nilipoelewa kazi ya salami. Nilidhani salami iko mle kwa ladha ya nguruwe, kumbe iko pia kwa ukavu wake. Imetundikwa wiki kadhaa na kupoteza sehemu kubwa ya maji yake kabla haijakaribia unga. Provolone nayo imekaa ikakomaa. Cicoli zimekaangwa zikakauka. Pecorino ni ngumu ya kukunwa. Kila kitu kinachoingia kwenye casatiello kimekwisha kukaushwa na mtu mwingine mahali pengine. Mimi niliondoa vikavu nikaweka vibichi, na kwa kuwa vikavu hivyo vilikuwa pia vya nguruwe, wote tukamtazama nguruwe.

Joto ndilo lililofuata kwa uzito. Wanga wa ngano huanza kushika ukipita nyuzi 60 hivi, na moyo wa mkate unahitaji kufika karibu nyuzi 95 ndipo uitwe umeiva. Nyuzi 220 huipaka ngozi rangi haraka, na rangi ikishakuwa kahawia hakuna mpishi mwenye moyo wa kuuacha mkate ndani dakika nyingine ishirini. Mkate mnene, wenye mafuta, uliojazwa, unataka nyuzi 170 kwa zaidi ya saa moja. Niliuoka kama skonzi.

Kuumuka kwa haraka kulichangia pia. Katika mkate unaookwa, mvuke ndio unaobeba joto kwenda ndani, ukipita kutoka kitundu hadi kitundu. Unga uliopewa dakika 45 ni mzito na vitundu vyake ni vichache. Hamira nyingi haikuokoa kitu, maana mafuta na chumvi huipunguzia kasi, na kinachotakiwa ni muda wa unga wenyewe kulegea na kutanuka hadi ukingo wa chombo. Mayai ya friji sijui niyape uzito gani. Yalikaa juu kama vipande vya barafu, na chini ya kila yai ubichi ulipanda juu zaidi. Siku hizi nayatoa mapema tu, sitaki ubishi nayo.

Na siagi? Sitasema haina hatia kabisa. Gramu kwa gramu, siagi ina mafuta pungufu kuliko sugna, ambayo ni mafuta matupu, kwa hiyo mkate wa siagi hauchambuki vilevile. Lakini hilo ni kosa la ladha na mguso, halitoi uji.

Nilimweleza jirani hesabu hii Jumapili jioni, akiwa jikoni kwangu, na yeye ndiye aliyelimaliza suala la mafuta kwa sekunde tano. “Sasa kwa nini siagi, si samli?” Nilitaka kujipiga kofi. Mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwenye harufu ya samli, nimekaa Ulaya nikasahau kwamba mafuta matupu yasiyo na maji tunayo sisi tangu enzi. Akachukua siagi iliyobaki, akaiweka kwenye sufuria ndogo moto mdogo. Ikayeyuka, ikatoa povu, ikaanza kulia tatatata. “Hayo ndiyo maji yako yanaondoka,” akasema. Akasikiliza, hakutazama. Kelele zilipokata, maziwa yamezama chini yamekuwa na rangi ya karanga, akaipua na kuichuja kwa kitambaa. Signora alikuja mlangoni kuuliza ni biskuti gani hizo zinazonukia.

Casatiello ya pili, kwa hiyo, iliingia samli gramu 150 badala ya sugna gramu 150, na safari hii kubadilishana kulikuwa kwa haki. Nyama ilikuwa sujuk, ile soseji kavu ya ng'ombe yenye kitunguu saumu na bizari nyembamba, kutoka bucha lilelile, gramu 200. Provolone ilikuwa ya signora mwenyewe, isiyokuwa kali, iliyokaa kwenye friji yake bila kufunikwa hadi ikawa na ngozi. Hamira gramu 5. Nilikanda baada ya chakula cha jioni, nikajaza saa nne usiku, nikaiacha kwenye chombo jikoni, dirisha wazi kidogo. Asubuhi ya Pasquetta ilikuwa imefika ukingoni, imebana mayai kama kuku aliyelalia. Nyuzi 170, saa moja na dakika kumi. Nilichoma kipimajoto katikati ya ujazo: 95. Nikaitoa, nikaifunika kwa kitambaa, na nikamkataza kila mtu kuigusa hadi jioni, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kukatazwa.

Saa zilikuwa zimesogezwa mbele usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo magharibi ya Jumatatu iliingia saa moja na dakika ishirini na saba. Saa ya ukutani ya signora hakuna aliyeigusa, nayo ilisema saa kumi na mbili na nusu kasoro. Jirani alifungua kwa simu yake. Signora aliitazama saa yake na kumwona kama mtu aliyekula kabla ya wakati.

Kisu kilitoka kikavu. Mviringo ulionekana wote, tabaka la unga, tabaka la ujazo, unga, ujazo, na mapango ya jibini yalikuwa na kuta za mkate ulioiva. Haikuwa kamilifu. Mafuta mekundu ya sujuk yalipaka unga rangi ya machungwa, na bizari ilimfunika pecorino asisikike. Leo ningeweka gramu 120 na kuongeza pilipili manga. Tako la mkate nalo lilikuwa jeupe kidogo, maana oveni yangu haina moto wa kutosha chini na niliogopa kuurefusha muda.

Signora alikula kipande, akachomoa yai lake, akalimenya pole pole. Kisha akarudi kwenye shauri lake la Jumamosi kana kwamba hakuna kilichotokea: bila ’nzogna hii si casatiello. Nilijibu kwamba jina lenyewe linatoka kwenye caso, neno la Kinapoli la jibini, wala nguruwe hatajwi humo, na jibini ipo. Akasema jibini ipo hata kwenye pitsa, je, nayo ni casatiello? Kwenye hilo, kusema kweli, niko upande wake. Nilichokuwa nabisha ni kuhusu kilichouharibu mkate wa kwanza. Jina ni la wenyewe, na wenyewe wanataka sugna. Nikamwuliza basi tuuiteje. Tortano haiwezekani, mayai yako nje, na tortano nayo ina sugna yake. Akafikiri, akaelekeza sahani kwa uma. “Quello là,” akasema. Ule pale.

Mwaka 2025 Pasaka iliangukia Aprili 20, Idi imeshapita wiki tatu, na hakuna aliyekuwa akikimbizana na magharibi. Ijumaa Kuu signora alinipa orodha ya sokoni kwa mwandiko wake unaotetemeka. Ilikuwa na unga kilo moja na nusu, sugna, salami, provolone, mayai kumi. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, alikuwa ameongeza siagi nusu kilo, na kando yake: kwa quello là.